Pikapu ya Kijani ya Saa Nne

Odile Michaud alinyanyua mkono wa kulia, akapuliza filimbi mara moja, na mji wote wa Penley ukasimama. Gari la watu wa Ohio lenye baiskeli nne mgongoni lilisimama. Lile gari kubwa la kulala ndani, la wazee wawili na mbwa wao, likasimama nyuma yake. Watalii waliokuwa wakivuka na aiskrimu mkononi, asubuhi yote hiyo na baridi ya ukungu ikiwang'ata masikio, nao wakatulia tuli. Hakuna aliyeuliza kulikoni. Wengi walikwishatoa simu zao kupiga picha.

Kwanza ilifika sauti. Injini kuukuu, yenye kikohozi, ikiteremka Mtaa wa Maji kwa mwendo wa ng'ombe anayerudi zizini. Kisha taa mbili za rangi ya siagi zikachomoza ndani ya ukungu, kisha pua ya kijani, kisha pikapu nzima, na nyuma ya usukani Thurlow Pinkham, mzee wa miaka themanini na minne, kofia yake ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alipofika njia panda aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Kidole kimoja tu, cha shahada. Ndiyo salamu ya watu wa pwani hii ya Maine. Anayepunga mkono mzima ama ni mgeni ama anazama baharini.

Odile, kwenye kona yake kando ya sanduku la posta, akainua kidole chake pia. Pikapu ikapita, ikapanda daraja la mbao, mbao zikagonga moja baada ya nyingine, ikamezwa na ukungu upande wa ofisi ya posta. Watalii wakapiga makofi.

Mchezo huo ulikuwa kwenye kiangazi chake cha tatu. Ulianza siku Odile alipomwona mzee akipita kibao cha kusimama kana kwamba hakijapandwa pale miaka arobaini. Askari mwingine angemfuata akamwandikie faini. Odile hakumwandikia. Kesho yake saa nne asubuhi alikwenda njia panda akawasimamisha wengine wote, na mzee akapita kwa raha zake. Akarudia keshokutwa. Kabla ya mwezi kuisha Glenice Alley, mwenyekiti wa kamati ya wageni, mama asiyeacha kitu kipite bila kukitangaza, alikuwa ameuweka mchezo huo kwenye kipeperushi cha mji, kati ya safari za kuangalia nyangumi na supu ya kambakoche: "Saa nne kamili, Pikapu ya Kijani. Usikose!"

Na Odile alikuwa amejaliwa kwa kazi ya namna hiyo. Penley ina watu elfu moja na mia mbili wakati wa theluji, na Julai inafura mpaka elfu tisa. Mkuu wa kituo, Royce Beal, kila Juni huwapanga askari wake na kuwakumbusha maneno yaleyale: "Mgeni mkimchekea, atarudi. Mkimpiga faini, atarudi vilevile, ila na wakili." Odile alikuwa na vitabu viwili mfukoni. Kimoja cha karatasi za njano, za onyo, ambazo hazina faini wala mahakama. Kingine cha nyeupe. Cha njano alikimaliza kila wiki mbili. Cha nyeupe alikuwa nacho kilekile tangu mwaka juzi, pembe zimejikunja kwa kukaa bure.

Kwa Thurlow Pinkham hakuwahi kutoa hata ya njano. Angeanzaje? Mzee huyo aliendesha basi la shule la mji miaka thelathini na mmoja, barafu kwa theluji, na hakuna mtoto aliyewahi kuchubuka goti ndani yake. Odile, alipokuwa mtoto, alikuwa wa kituo cha mwisho, kule njia inakofia kwenye misonobari. Mama yake alifanya kazi kiwanda cha samaki na mara nyingi nyumba ilikuwa giza. Basi la njano lilingoja. Lilingoja mpaka mtoto apapase ukuta, apande kiti, awashe taa ya jikoni. Hapo ndipo Bwana Pinkham alipopepesa taa za basi mara mbili na kuondoka. Watu wazima wa Penley wana kumbukumbu zao za mapenzi na za vita. Odile, akifumba macho, anaona taa mbili zikipepesa juu ya theluji.

Basi ikawa Alhamisi, siku mbili kabla ya Sikukuu ya Beri.

Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mji ulionekana kipandekipande: mlango mwekundu hapa, mwavuli pale, mguu wa mtu, mkia wa mbwa. Kutoka baharini kengele ya boya ililia polepole, bila haraka. Odile alikuwa ameombwa na mama mmoja mgeni amsaidie kuinua kigari cha mtoto kwenye ukingo wa barabara, upande wa duka la mikate, ng'ambo kabisa ya kona yake. Akaisikia injini ikikohoa. Hakuwa na muda wa kuvuka. Akanyanyua mkono palepale alipo na kupuliza filimbi.

Pikapu ilikuja. Ilipofika njia panda ikapunguza mwendo, kioo kikashuka, na Bwana Pinkham akainua kidole kuelekea kona ileile ya siku zote, ambako hakukuwa na mtu.

"Ukungu mzito leo, Odile," alisema kwa sauti ya upole. "Mama yako nisalimie."

Alikuwa akisema na sanduku la posta. Lile la chuma, la buluu, lenye urefu wa kifua cha mtu.

Watalii walicheka. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Pikapu ikaondoka, tairi la mbele likapanda ukingo kidogo, kitu kikalia kra! chini yake, na pikapu ikaenda zake darajani. Odile alikimbia. Pale kwenye ukingo alisimama msichana wa miaka minne au mitano mwenye koti la mvua, mkono bado umenyooshwa kana kwamba ameshika kitu. Chini ilikuwa ndoo yake nyekundu ya plastiki, ile ya kuchezea mchanga, imekuwa bapa.

"Imevunjika," mtoto alisema. Hakulia. Alimtazama tu Odile, akingoja askari aseme kitu.

Odile alipiga magoti akamshika mabega, akayaminya, akakuta ni mazima. Aliomba ndoo ile. Akamnunulia nyingine dukani, ya njano. Kisha akaingia ndani ya gari la polisi, akafunga mlango, akaiweka ile nyekundu kwenye kiti cha pembeni. Kilichomtisha si tairi peke yake. Ni kwamba alikuwa akijua. Hakujua kwamba mzee haoni kabisa, hilo hapana, lakini alijua vya kutosha kuuliza, na kwa viangazi vitatu alikuwa amepuliza filimbi badala ya kuuliza.

*

"Baada ya Jumamosi," alisema Royce Beal.

"Jumamosi ndiyo yenyewe, mkuu. Mzee ndiye anayeongoza gwaride la sikukuu. Watoto kumi na wawili wamepakiwa nyuma wakirusha peremende, na wengine wote wanakimbia pembeni kuziokota."

Glenice Alley alikuwa amekaa kwenye kona ya meza ya mkuu, orodha ya gwaride mapajani. "Odile, mwenzangu, unataka kuniua? Nimechapisha fulana mia tatu zenye pikapu hiyo kifuani."

"Haoni, Glenice."

"Nani anaona kwenye ukungu huu? Mimi mwenyewe jana nimembusu mume wa mtu." Alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Anakwenda mwendo wa konokono, jamani. Mji mzima unamjua, tunampisha."

"Mtoto wa leo hakuwa wa mji."

Royce alijikuna shingo. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kila jambo lisubiri Septemba. "Nenda kaongee naye," alisema. "Kirafiki. Wewe unaweza. Usiandike kitu. Tukimwandikia Thurlow Pinkham wiki ya sikukuu, watatupasulia mayai mlangoni."

*

Alimkuta kibarazani, amekaa kwenye kiti chake, akisuka wavu wa mtego wa kambakoche. Wavuvi bado walimletea uzi, na yeye aliwasukia, sindano ya mbao ikipita na kurudi bila yeye kuiangalia. Odile alikuwa amemwona akifanya hivyo mara mia na kusema moyoni, huyu mzee ana ufundi. Leo ndipo alipoangalia macho yake. Yalikuwa yameelekezwa kwenye misonobari, mahali pasipo na kitu.

"Breki yako ya nyuma inalia," alisema mzee kabla hajasalimiwa. "Ya kushoto. Waambie waibadilishe."

"Habari za mchana, Bwana Pinkham."

"Una miaka arobaini na moja na bado unaniita Bwana. Kaa, mtoto."

Odile hakukaa. "Leo asubuhi pale njia panda, ulimsalimia nani?"

"Nilikusalimia wewe. Nikamsalimia na mama yako. Hukuitika, nikasema labda kaamka vibaya."

"Nilikuwa ng'ambo, upande wa mikate. Ulisema na sanduku la posta."

Sindano ilisimama. Halafu mzee akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kumtikisa mabega. "Sanduku la posta! Salamu za mama yake! Kumbe ndiyo maana. Na lina adabu, angalau lilinisikiliza mpaka mwisho."

Odile alitaka sana kucheka naye. Badala yake aliiweka ile ndoo nyekundu mapajani mwa mzee, juu ya wavu.

Vidole vya Thurlow Pinkham viliizunguka. Vikapita kwenye mpasuko, kwenye mpini uliokatika, kwenye alama za tairi zilizobaki zimejichora. "Hii ni nini?"

"Ndoo ya mtoto. Ulipita juu yake."

"Mwenyewe?"

Odile akaushika mkono wa mzee, akauweka juu ya ndoo, kisha akauhamisha taratibu mpaka kwenye goti la mzee mwenyewe. Shubiri moja, haikuzidi. "Mwenyewe alikuwa hapa."

Mzee aliuacha mkono pale juu ya goti. Kengele ya boya ilisikika mpaka huku, mbali, ndani ya ukungu.

"Ana miaka mingapi?"

"Minne. Mitano."

"Wa kituo cha kwanza," alisema mzee kwa sauti ndogo. Enzi za basi, wadogo kabisa walishuka kituo cha kwanza, karibu na shule.

Kisha akasema, bila kuulizwa, kama mtu anayevua buti zilizomkaza siku nzima. Macho yalianza kuondoka katikati, miaka minne iliyopita, yakabaki pembeni. Sasa pembeni nako kumekwenda. Akiwa ndani ya pikapu hufungua kioo. Kokoto za getini zikiisha, lami inaanza. Nguzo za umeme zinasikika zikipita, upepo unakatika kwenye kila moja. Ni ishirini na mbili. Harufu ya mikate inakuja kushoto. Halafu filimbi. Halafu mbao za daraja, halafu kamba ya bendera ya posta inayopiga mlingoti. "Baharini na baba yangu tulikuwa hatuoni kitu siku kumi mfululizo," alisema, "na tulirudi nyumbani. Unasikiliza kengele. Basi filimbi yako ndiyo kengele yangu. Ikilia, najua nimefika na njia ni nyeupe."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikikuendesha," alisema Odile.

"Tulikuwa tunaendesha wawili. Na tulikuwa tunajitahidi."

Odile akakaa sasa, kwenye ngazi.

"Kwa nini hukusema?"

"Binti yangu yuko Arizona, huko jangwani. Ana chumba tayari. Ananisomea kwa simu kilivyo: kitanda, kiyoyozi, na picha ya bahari ukutani." Aligeuza uso kuelekea sauti ya kengele. "Picha ya bahari, Odile. Siku nitakaposhindwa kwenda mwenyewe kuchukua barua zangu na mkate wangu, atapanda ndege."

Odile alikuwa amelipanga njiani atakalosema, na akalisema. Lilikuwa jambo jema, lenye huruma, la rangi ya njano. "Nipe funguo tu, Bwana Pinkham. Hatutaandika chochote. Nitawaambia watu pikapu imekufa injini. Watasikitika wiki moja, kisha watasahau, na hakuna atakayejua."

Mzee aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alikasirika. "Usinifiche nyuma ya uongo. Miaka thelathini na mmoja nimebeba watoto wa mji huu. Askari watatu wamezeeka hapa na hakuna aliyewahi kunisimamisha. Kama nimekosa, nisimamishe! Na taa zako ziwake. Uniandikie kama unavyomwandikia mwanamume mwenye akili timamu. Lakini usininyang'anye funguo kama mtoto aliyeokota kisu jikoni."

"Sijawahi..." Odile alianza, kisha akanyamaza, kwa sababu alitaka kusema hajawahi kumwandikia mtu wa Penley, na alisikia jinsi neno hilo lisivyo la sifa tena.

"Kesho," alisema mzee. "Saa nne kasorobo nitawasha. Kutoka bandani mpaka getini, basi. Uwe pale."

*

Ijumaa ukungu ulikuwa haujasogea. Odile alifika mapema, akaweka koni za njano juu na chini ya barabara ile ambayo kwa kawaida hupita magari matano kwa siku, akaegesha ng'ambo ya geti, akangoja. Uso ulimwiva kwa aibu hata kabla ya kosa kutendeka. Saa nne kasorobo injini ikakohoa.

Pikapu ilitoka bandani. Hatua ishirini za kokoto, labda ishirini na tano. Odile aliwasha taa za buluu, na ukungu wote ukawa buluu, ukawa mweupe, ukawa buluu tena, misonobari ikionekana na kupotea. Alibonyeza king'ora mara moja, kifupi. Pikapu ikasimama papo hapo, magurudumu ya mbele yamevuka geti kwa shubiri mbili. Wakili yeyote angebisha kwamba uwanja wa mtu si barabara. Odile alizishukuru shubiri zile mbili.

Alishuka, akavaa kofia yake, akatembea mpaka dirishani. Kioo kilikuwa kimeshushwa. Leseni na kadi ya gari vilikuwa tayari mkononi mwa mzee. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa tai.

"Habari za asubuhi, mzee. Unajua kwa nini nimekusimamisha?"

"Nilikuwa nakimbia sana, afande?"

"Hapana, mzee." Alisogea karibu zaidi na dirisha. "Naomba uniambie nimeinua vidole vingapi."

"Usinionee huruma ukainua kimoja."

Aliinua vitatu. Mzee aligeuza uso kuelekea sauti yake, akajaribu kweli, paji la uso likajikunja.

"Mkono wenyewe siuoni, mtoto," alisema.

Odile akatoa kitabu mfukoni. Akakiweka juu ya boneti yenye joto, akanyoosha pembe zilizojikunja, akaandika pole pole, kwa herufi nzuri, kama anayeandika kadi ya arusi.

"Rangi gani?" aliuliza mzee.

"Nyeupe."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Nisomee."

Akamsomea yote. Jina lake kamili, pamoja na lile la katikati ambalo hakuna aliyelitumia tangu mama yake afe. Tarehe, saa, mahali. Rangi ya chombo: kijani. Kosa: kuendesha bila uwezo wa kuona barabara. Kufika mahakamani tarehe kumi na nne Agosti, saa tatu asubuhi. Kisha akakiegemeza kitabu dirishani, akauchukua mkono wa mzee, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari. Sahihi ilianza vizuri, ikapanda mlima, ikamalizikia nje ya karatasi, kwenye mlango wa pikapu.

"Sasa," alisema Bwana Pinkham. Alinyoosha mkono kwenye dashibodi, akatafuta kitufe, akapepesa taa za pikapu mara mbili. Ndipo akazima injini, akachomoa funguo, akazinyoosha kupitia dirishani.

Odile alizipokea. Akalia waziwazi, akiwa na kofia na bastola na kila kitu, na mzee alijifanya haoni, kwa namna ambayo hakulazimika kujifanya.

*

Habari zilifika mjini kabla yake. Hakuna aliyempasulia yai mlangoni; watu wa Penley hawana makelele hayo. Gwaride la Jumamosi liliongozwa na gari la zimamoto, na watu walilitazama kama wanaotazama mgeni aliyekaa kiti cha marehemu. Verna wa duka la mikate, ambaye humwita kila kiumbe "mpenzi" mpaka mbwa, alimmiminia Odile kahawa yake na kusema, "Dola mbili," basi.

Lakini lililouma ni vidole. Alilitambua Ijumaa hiyohiyo mchana. Lori la barafu lilipita, Odile akainua kidole. Dereva akatazama mbele. Likapita gari la mwalimu wa kwaya. Likapita la wavuvi wawili ndugu. Aliyahesabu magari kumi na saba ya wenyeji kati ya posta na gati, na vidole vyote vilibaki vimeushika usukani. Glenice ndiye pekee aliyesimama kumwambia kitu. "Ungengoja siku moja," alisema. "Moja tu." Alikuwa amevaa fulana yenye pikapu, na macho yamemwiva.

"Tungengoja tungemzika mtu, Glenice."

"Najua," alisema Glenice, akapandisha kioo.

Binti wa Arizona alikuwa amepiga simu kituoni. Angekuja Septemba. Alimshukuru Odile kwa sauti nzuri ya mbali, na shukrani zile zilimkaa Odile kooni siku nzima kama mwiba wa samaki.

Jumatatu saa nne kasoro dakika tano, Odile alikuwa njia panda. Hakusimama kwenye kona yake. Alisimama upande wa mikate, mgongo ukutani, akiwaambia watalii wenye vipeperushi kwamba pikapu haiji, hapana, hata kesho, poleni sana, nyangumi bado wapo. Walisononeka, wakabaki palepale, kwa sababu kwenye ukungu watu hawana haraka ya kwenda popote. Magari yalipita. Kengele ya boya ililia.

Saa nne ikafika. Kutoka juu ya Mtaa wa Maji ikaja sauti.

Tok.

Kimya. Hatua za buti juu ya lami, nzito, zisizo na pupa. Tok. Ilikuwa fimbo inayogonga nguzo ya umeme. Kimya tena, hatua tena, tok. Odile hakujua kwamba alikuwa akihesabu mpaka aliposikia midomo yake ikisema kumi na tisa. Lazima alitoka nyumbani saa mbili na nusu. Ishirini. Hakuna njia ya miguu kule juu; alikuwa anatembea barabarani, na kwa hilo pia kuna karatasi yake. Ishirini na moja.

Katika ukungu likachomoza koti. Kisha fimbo. Kisha kofia ya sufu. Kwenye nguzo ya ishirini na mbili Thurlow Pinkham alisimama, akageuza pua kushoto, kwenye mikate. Alisimama pale ukingoni mwa njia panda, na magari yakimpita mbele yake, akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anasikiliza. Alikuwa anangoja.

Filimbi ilikuwa mdomoni mwa Odile tayari, lakini hakuipuliza. Alivuka kwanza. Alikimbia kati ya magari mawili, mtu akampigia honi, akafika kwenye kona yake ya zamani, akasimama mbele ya sanduku la posta, mgongo umegusa chuma chake chenye umande, akilifunika lote.

Akanyanyua mkono, akapuliza mara moja.

Penley ikasimama. Mbele kabisa ya foleni lilikuwa gari la Glenice Alley, mikono yake yote miwili juu ya usukani, na Odile hakutazama vidole vyake. Alimtazama mzee akishuka barabarani, akija katikati ya njia nyeupe kwa mwendo uleule wa pikapu, fimbo mbele. Alipofika usawa wa kona, Thurlow Pinkham aliinua kidole kimoja.

"Bado mzito," alisema.

"Bado, Bwana Pinkham," alijibu Odile, na kidole chake kikiwa juu.

Mzee alitabasamu, akaendelea. Watalii hawakupiga makofi. Hawakujua kama hiki kimo kwenye kipeperushi. Buti zilipanda daraja, na mbao zikaanza kugonga, polepole kuliko zamani, moja, na nyingine, na nyingine, mpaka ukungu ukazichukua. Nyuma ya foleni mtu alipiga honi. Odile hakushusha mkono. Mlango wa ofisi ya posta una kengele ndogo inayolia ukifunguliwa, na alikuwa hajaisikia.